Kengele Iliyolia Jikoni

Kinondoni, Jumanne 9 Machi 1954

Mvua imetuharibia tena. Tulifika Kipawa saa kumi, Benedikto akafunga shuka kwenye milingoti, watu wakaja na mikeka yao wakakaa, na jenereta ilipoanza tu kunguruma mbingu nazo zikaanza. Nilisimama chini ya mwavuli na kipaza sauti changu nikiwaambia wasubiri, itapita, itapita, mpaka shuka likalowa chapachapa na yule nzi wa kwenye picha akaonekana amevimba kama ng'ombe. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nzi huyo namchukia. Mwaka wa tatu huu namsimulia, anatua chooni, anatua kwenye chakula, mtoto anaumwa tumbo, jengeni vyoo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Gari la sinema linazunguka viungani mwa mji, Benedikto anaendesha gari na mashine, na mimi nasimama pembeni nikiyageuza maneno ya Kiingereza kuwa Kiswahili, kwa sauti ya kila aliyemo kwenye picha, mwanamume kwa mwanamke. Nilikuwa mwalimu kwetu Bukoba, nikawa karani wa jeshi vitani, na leo hii ni mdomo wa nzi.

Ijumaa 12 Machi

Mvua. Hatukutoka.

Jumatatu 15 Machi

Leo nusura nimsamehe Bwana Kirby dhambi zake zote. Bwana Kirby ndiye mkubwa wetu ofisini. Ameniita akaniambia wameona watu wamechoka na nzi, kwa hiyo itaongezwa filamu ya burudani, na ya kwanza itakuwa ya upelelezi, "Kifo cha Harlsey."

Kitabu hicho ninacho! Nilikinunua Kolombo mwaka 1944 kwa mchuuzi wa njiani, hakina jalada, na nimekisoma mara kumi na moja. Na filamu yake niliiona huko huko, ile ya zamani isiyo na rangi, kwenye banda la hospitali ya jeshi, nimekaa sakafuni na mguu wangu wa bandeji nimeunyoosha. Sijapata kuona kitu kama kile mpaka leo.

Nimemsimulia mke wangu Auleria mpaka ndizi zikapoa. Kuna mzee tajiri, Harlsey, hawezi kusimama, anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Jioni moja anakutwa ameuawa chumbani kwake, na anayekutwa amesimama mbele ya maiti ni Hobu, mtumishi wake wa miaka ishirini, mikononi ana sinia la chai. Daktari Lail, rafiki wa nyumba ile, anasema yeye aliondoka saa nzima kabla, na mzee alikuwa mzima. Polisi wanamtia Hobu pingu na kila mtu anaridhika. Ndipo anapokuja Inspekta Wadlo. Wenzake wako sebuleni na wakubwa, yeye anakwenda jikoni, anaketi na mpishi, anamenya viazi pamoja naye, na anamuuliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Siku ile Hobu alipopeleka chai, nani alimwita? Mpishi anajibu kwamba kengele ililia. Na kamba ya kengele iko kwenye mlango wa chumba kile, mbali na kiti cha mzee.

"Basi aliyeivuta ndiye," akasema Auleria.

"Ndiye huyo daktari! Alimuua, akavuta kengele ili Hobu aje akutwe pale, akatorokea dirishani."

"Na Hobu je?"

"Akafunguliwa. Mwisho kabisa Inspekta amekaa sebuleni, Hobu anamletea chai, kila kitu kimerudi mahali pake. Mama Adelard, mie pale nililia. Wazungu wamejaa banda zima na mie nalia."

"Na ndizi zako zinalia pia," akasema, akaondoa sahani.

Jumatano 24 Machi

Nzi, Kurasini. Watu kumi na wanne na mbwa.

Jumatano 31 Machi

Filamu imefika na nimechukia mpaka kichwa kinaniuma. Si ile! Ni nyingine, mpya, ya mwaka jana, yenye rangi. Benedikto alifunga madirisha ya ofisi adhuhuri tukaiangalia ukutani, mikanda yote sita, na kila mkanda ulipokwisha nilitamani kumrushia mtu kiatu.

Niandike moja moja ili nipumue. Inspekta wa zamani alikuwa mzee mwembamba, koti limechakaa viwikoni, anasikiliza kuliko anavyosema, kama alivyo kitabuni. Huyu mpya ni kijana wa nywele za mafuta, ana gari jekundu, na nusu ya filamu anamfuata binti wa nduguye Harlsey bustanini akimshika mkono. Kifo cha mtu kimekuwa kisingizio cha uchumba. Hobu wa zamani alikuwa na uso wa mtu aliyechoka na mwenye heshima zake, ukimwona unasema huyu namjua. Hobu mpya wamemfundisha kukata jicho, na kila akipita mlangoni wanapiga muziki wa kutisha, kana kwamba kubeba sinia ni uchawi. Na mpishi? Mpishi hayumo. Kuna mkono tu unaoweka birika mekoni. Mpishi mzima wamemkata, wakabakiza mkono.

Kengele ipo, namshukuru Mungu. Tunamwona Hobu jikoni anakunja kitambaa, kengele inalia ukutani, anashika sinia na kwenda. Lakini hakuna anayeulizwa chochote. Katika mkanda wa sita Inspekta anatembea kwenye mawaridi, anasimama, anapiga kidole paji la uso, ameshajua yote peke yake. Akili ya mpishi ameipora huyu wa nywele za mafuta, na hata asante hakuna. Angalau daktari anakamatwa, na angalau ile chai ya mwisho wameiacha. Hobu analeta sinia, Inspekta anasema chai ni nzuri. Kwa hilo tu nimewapa alama moja kati ya kumi.

Benedikto anasema yeye ameipenda. "Gari jekundu lile, Mwalimu! Uliliona?" Mtu wa Songea, anaendesha vizuri, ana moyo mwema, lakini ukimwonyesha hukumu ya mwisho atauliza injini ni ya kampuni gani.

Alhamisi 1 Aprili

Nilidhani jana nilikasirika. Jana nilikuwa nacheza.

Bwana Kirby ameutoa mkanda wa sita kwenye sanduku na kuuweka kabatini, kabati limefungwa, ufunguo mfukoni mwake. Kamati ya ukaguzi imekubali filamu ionyeshwe kwa Waafrika bila mkanda huo. Nikamwambia, bwana, mkanda huo ndio mwisho, bila huo filamu inaishia Hobu ametiwa pingu.

Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Gozbert, tunawaomba watu waende hospitali. Halafu tuwaonyeshe daktari anaua mgonjwa? Hawatatofautisha." Mjini, kwenye jumba la sinema, Wazungu wataiona yote, mikanda sita. Wao wanatofautisha.

Kisha akanipa karatasi iliyopigwa chapa, ya kusoma mwishoni. Nainakili hapa neno kwa neno, isije siku moja nikasema niliota: "Na hivyo ndivyo mtumishi mwovu alivyokamatwa na sheria. Mtumishi mwema humtii bwana wake. Mwisho."

Jumamosi 3 Aprili

Temeke. Watu wengi ajabu, hata juu ya mapaa ya makuti. Mvua ilituhurumia. Nimefanya sauti zote, bibi, daktari, polisi, nikamfanya Hobu kwa sauti ya chini ya mtu mstaarabu ili nipunguze ule muziki wao. Nimeisoma karatasi. Watu wamepiga makofi.

Jumanne 6 Aprili

Leo ilikuwa hapa kwetu Kinondoni, na jambo la leo litanikaa rohoni.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa Mzee Albano, mpishi, mtu wa Masasi. Anapika kwa Wazungu Oysterbay. Kila asubuhi anapita hapa na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, ameikunja mkononi asiichafue kwa matope, na kila jioni anarudi. Haongei sana. Leo alikaa mstari wa mbele na wapishi wenzake wawili.

Hobu alipotiwa pingu akasimama. "Mwalimu!" akaita. "Kengele nani kaipiga?"

Watu wakamwambia akae.

"Sikai! Mzee wa watu hawezi kusimama, kamba ipo mlangoni, Hobu yupo jikoni tumemwona kwa macho yetu anakunja kitambaa. Kengele kaipiga nani? Sie watu wa jikoni hatujipigiagi kengele!"

"Kweli!" wakasema wale wawili.

Mtu hajasoma kitabu, hajaona mkanda wa sita, na amefika mahali ambapo Inspekta wa nywele za mafuta alifikishwa na mawaridi. Na mimi nilikuwa na karatasi mkononi. Nikaisoma. Na hivyo ndivyo mtumishi mwovu. Watu wakamcheka Albano, wakamwambia, mzee, keshakamatwa huyo, nenda kalale.

Alinifuata tulipokuwa tunakunja shuka. "Mwalimu, filamu hii haijaisha."

"Imeisha, mzee," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, akaniaga vizuri, akaenda zake. Nimemdanganya mtu mzima, usoni pake, na Benedikto amesikia.

Ijumaa 9 Aprili

Tandale. Karatasi. Makofi.

Jumatatu 12 Aprili

Magomeni. Mvua ilitukatiza katikati, nikafurahi. Kesho turudie, amesema Bwana Kirby.

Jumatano 14 Aprili

Nimemsikia mtoto dukani akimwita mwenzake Hobu kwa sababu ameiba karanga. Nikamuuliza neno hilo kalitoa wapi. Akashangaa. "Si wewe, Mwalimu?"

Jumapili 18 Aprili, Pasaka

Padri amehubiri juu ya Pilato kunawa mikono. Nimeondoka kabla ya sadaka. Auleria ameniuliza kama naumwa, nikamwambia kanisani kulikuwa na joto.

Alhamisi 22 Aprili

Mzee Albano amefukuzwa kazi. Vijiko sita vya fedha vimepotea, vile vya wageni. Memsahibu wake alivitafuta tangu Jumanne, jana akamwita Albano sebuleni, akamwambia hawaiti polisi kwa kuwa wana huruma, lakini aondoke. Barua aliyompa nimeisoma mwenyewe, maana aliniletea nimsomee. Inasema anapika vizuri na haaminiki. Kwa barua hiyo hakuna jiko mjini hapa litakalomfungulia mlango. Miaka ishirini na miwili ya kazi imeishia katika mistari minne, na mistari miwili kati ya hiyo ni tarehe na sahihi.

"Aliniuliza viko wapi," akasema. "Nikamwambia memsahibu, mara ya mwisho niliviosha nikakupa mwenyewe mkononi. Akasema, usiniletee ujuba."

"Wengine waliulizwa? Mtunza bustani, yaya, bwana mwenyewe?"

"Aulizwe nani, Mwalimu, na mie nipo?"

Alipotoka kwangu watoto walikuwa wanacheza kwenye dimbwi. Mmoja akapiga kelele, "Hobu! Vijiko viko wapi?" na wote wakaitikia, Hobu, Hobu, wakamfuata mpaka mlangoni kwake. Hakugeuka. Nilitoka na fimbo nikawatawanya, na mama zao wakanitolea macho, kwani wimbo huo nimewafundisha mimi, kwa kipaza sauti cha serikali, mara saba. Nimehesabu. Temeke, Kinondoni, Tandale, Magomeni mara mbili, Kurasini, Kipawa.

Ijumaa 23 Aprili

Bombani wanawake wanasema hata sinema ilionyesha, hawa wa majikoni ndivyo walivyo. Wanamsema mtu waliyekula wali wake kwenye misiba yao yote.

Jumapili 25 Aprili

Nimegombana na Auleria. Nilianza mimi. Nilikuwa naeleza kwa mara ya sijui ngapi jinsi filamu mpya ilivyokiharibu kitabu, kwamba ya zamani ilikuwa na jiko, ina viazi, ina mpishi anayeulizwa, na hii ina mawaridi na gari, na kwamba Wazungu wa siku hizi hawajui hata kusimulia hadithi zao wenyewe.

Akaweka chini kitunga. "Baba Adelard, unagombana na filamu mpya, unagombana na Bwana Kirby, unagombana na watoto wa watu. Karatasi anasoma nani?"

"Ni kazi!"

"Nimekuuliza anasoma nani."

Nikamuuliza anataka tule nini. Nikamwambia mambo mengine ambayo siyaandiki. Akaendelea kuchambua mchele, nami nikatoka nyumbani. Nimezunguka kwenye manyunyu mpaka viatu vikajaa maji. Nina hasira na kila mtu, na leo nimeanza kuona kwamba nyingi kati ya hizo si zao.

Jumatano 28 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana Kirby kuomba mkanda wa sita, kwa onyesho moja tu, hapa Kinondoni. Nimemweleza habari za Albano. Alisikiliza, akasema inasikitisha, na kwamba mkanda umesharudishwa Nairobi wiki iliyopita. Kisha akanipa ratiba. Jumamosi Kinondoni, onyesho la mwisho la filamu hii, kisha Ramadhani inaanza na gari litapumzika.

Nikauliza kama karatasi isomwe vile vile. "Vile vile," akasema.

Jumamosi 1 Mei

Nimerudi sasa hivi. Nguo zimelowa, sijabadili, nataka kuandika kabla sijalala.

Saa tisa nilikwenda kwa Mzee Albano nikamwomba aje. Hakutaka. "Nije niitwe Hobu mbele ya watu?"

"Njoo, mzee. Usikae nami, kaa popote, lakini njoo."

Uwanja ulijaa. Wengi walishaiona filamu na walikuja kuiona tena, wengine wakisema maneno kabla yangu. Muziki wa kutisha ulipopigwa watoto waliuimba. Nilimwona Albano nyuma kabisa, kwenye ukuta wa duka, na mwavuli wake mweusi.

Hobu akatiwa pingu. Mkanda wa tano ukaisha, ukawa unapiga tap tap tap, na Benedikto akauzima. Watu wakaanza kukunja mikeka. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nikaiacha huko huko.

"Bado," nikasema. "Kaeni chini. Filamu hii ina mkanda wa sita, na mkanda wa sita hamkuonyeshwa. Mimi niliuona. Nimewadanganya mwezi mzima."

Watu wakaketi tena. Nikamtazama Benedikto, mkono wake uko kwenye swichi ya jenereta. Akiuteremsha tu, mimi ni mtu anayepiga kelele gizani. Alinikazia macho, nadhani alikuwa anawaza watoto wake. Kisha akaondoa mkono pale, akawasha taa ya mashine bila mkanda, na shuka lote likawa jeupe.

Nikasimulia. Sikuisimulia filamu mpya. Nikasimulia ya Kolombo, na pale niliposahau nikajazia kwa kitabu. Nikamleta Inspekta wa koti lililochakaa, nikampeleka jikoni, nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa kisu na kiazi. Manyunyu yalianza na hakuna aliyeondoka. Nilipofika kwenye swali nikasita, maana niliona haya kulijibu mimi.

"Hapa Inspekta anamuuliza mpishi," nikasema. "Na mpishi tunaye. Mzee Albano, tafadhali."

Vichwa vyote vikageuka. Nilidhani ataondoka. Akafunga mwavuli wake polepole, akapita katikati ya watu, wakampisha, akasimama karibu nami. Nikamshikia kipaza sauti.

"Mzee, umekaa jikoni miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Kengele ikilia jikoni, nani kaivuta?"

"Aliyeko chumbani."

"Mtumishi hawezi kuivuta akiwa jikoni?"

"Ataivutaje? Kamba ipo kwao. Kwetu kuna mlio tu."

Watu wa majikoni wakaguna, wengi kuliko nilivyodhani, uwanja mzima. Akaendelea bila kuulizwa. "Na ukiitikia mlio, ukaingia, ukakuta jambo, basi jambo hilo ni lako. Hobu hakuua. Hobu kaitwa tu." Akawageukia watu. "Na mie vijiko sikuiba."

Hakupiga kelele. Kipaza sauti ndicho kilichoyapeleka mpaka nyumba za mwisho. Mwanamke mmoja, na nilimtambua, ni mmoja wa wale wa bombani, akasema, "Tumesikia, baba." Nami nikamalizia, daktari akakamatwa, Hobu akafunguliwa, Inspekta akaletewa chai, mwisho. Makofi hayakupigwa. Watu walikuja mmoja mmoja kumpa Albano mkono, wakaenda makwao.

Tulipomaliza kupakia kila kitu Benedikto akanikaribia. "Mie sikukusikia," akasema. "Nilikuwa natengeneza taa." Nilimdharau mtu huyu miaka mitatu.

Jumanne 4 Mei

Nimefukuzwa. Barua inasema nimetumia jenereta, petroli na kipaza sauti kwa dakika arobaini bila ruhusa, na nimewaeleza watazamaji mambo yasiyomo katika filamu. Yasiyomo! Waliyoyatoa kwa mikono yao!

Benedikto amepewa onyo kwa kuchelewa kuzima taa.

Ijumaa 7 Mei

Mvua. Auleria ameuza vitenge vyake viwili na hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Jumatatu 10 Mei

Watoto sasa wanacheza Inspekta. Wanagombea kuwa mpishi. Nimekaa mlangoni nikiwatazama na nikajisikia fahari, nakiri, kana kwamba mambo yamekwisha na nimeshinda.

Jumatano 12 Mei

Mzee Albano amekuja alasiri, amepiga hodi, amekaa. Auleria akamletea chai. Akatuambia vijiko vimepatikana.

Jumapili memsahibu na bwana walikwenda tena ufukweni kula chakula, wakafungua kikapu ambacho hawakukifungua tangu Jumatatu ya Pasaka, na vijiko vilikuwamo, vimefungwa kwenye kitambaa. Amevifunga memsahibu mwenyewe. Habari hiyo hakuitoa yeye. Imeletwa na mtunza bustani, ambaye alitumwa kusema jambo jingine, kwamba Jumamosi kuna wageni kumi na Albano arudi kazini.

Niliruka kwa furaha. "Mzee! Si nilisema? Imekuwa kama kitabuni!"

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Kile kitabu unacho?"

Nikakitoa sandukuni. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akanirudishia.

"Kiingereza mie nakisikia, kukisoma sijui. Nisomee pale Hobu alipofunguliwa. Nataka kujua kitu kimoja. Walimwomba radhi?"

Nikacheka, nikasema bila shaka, nikafungua mwisho. Nikasoma. Polisi wanafungua pingu, wanasema anaweza kwenda. Nikageuza ukurasa. Binti wa nduguye Harlsey anamshukuru Inspekta. Wakili anamshukuru Inspekta. Nikageuza tena. Sebule, moto umewashwa, mvua iko nje, Hobu anaingia na sinia, Inspekta anaonja, anasema, "Chai nzuri, Hobu." Hobu anainama. Mwisho.

Nikarudi nyuma kurasa nne, nikatafuta kidole kikiwa juu ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikakumbuka filamu ya Kolombo, sinia lile lile. Nikakumbuka mkanda wa sita ukutani ofisini, sinia, na mimi nikiwapa alama moja kwa ajili yake. Vitu vitatu, nimevipima na kuvilinganisha na kuvitolea hukumu mwaka hadi mwaka, nani kamfanya Inspekta vizuri, nani kampora mpishi, na katika vyote vitatu mtu anatolewa gerezani na kupelekwa moja kwa moja jikoni kuchemsha maji, na mimi hapo ndipo nilipolia machozi ya furaha. Nimekisoma mara kumi na moja!

"Wamesema nini?" akauliza Albano.

"Wamesema chai ni nzuri."

"Hiyo ndiyo radhi?"

"Hapana, mzee. Haimo."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Akamaliza chai yake, akamrudishia Auleria kikombe, akamshukuru. Kisha akauliza kama nina karatasi na wino, nimwandikie memsahibu kwa Kiingereza kizuri.

"Andika, Mwalimu. Vijiko vimepatikana. Jina langu bado. Likipatikana, nitakuja kupika."

Nimeandika hivyo hivyo, sikuongeza neno. Ametia sahihi yake kwa herufi kubwa, akasubiri wino ukauke, akaikunja barua na kuiweka ndani ya kofia isilowe. Amekwenda kuipeleka mwenyewe, kwa miguu, na mvua bado inanyesha.